Mwezi wa saba Leipzig: nikate tiketi au nivumilie?

Swali la msomaji

"Shikamoo dada. Nina miaka 24, natoka Morogoro. Niko Leipzig, Ujerumani, tangu Agosti, nasomea uuguzi hospitalini, na mkataba wangu ulianza tarehe 1 Septemba. Miezi ya mwanzo nilikuwa na furaha, kila siku natuma picha nyumbani. Tangu Januari mambo yamegeuka. Nikitoka zamu nalia kwenye tramu. Cheti cha Kijerumani cha ngazi ya B2 ninacho, lakini wagonjwa siwaelewi, na wenzangu wakicheka wakati wa mapumziko najichekesha tu. Nilikaripiwa kwa kuchelewa kikao kwa sababu sikuelewa saa niliyotajiwa. Wiki iliyopita mgonjwa mmoja alikataa nisimguse, akataja na rangi yangu, na nesi niliyekuwa naye akaniambia nisijali. Nyumbani wanataka ada ya mdogo wangu na bati za nyumba ya bibi. Nikisema sina hawaamini. Mama simwambii kitu. Nimeanza kuangalia bei za tiketi. Dada, nirudi au nivumilie? Au ni mimi tu niliye dhaifu?"

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Pole na zamu, pole na baridi.

Nianze na ulilouliza mwisho: wewe si dhaifu. Na kuhusu tiketi, usikate mwezi huu. Sikwambii usirudi Morogoro. Nyumbani ni kwenu na hakuna aliyekufungia mlango. Ninachosema ni kwamba uamuzi wa namna hiyo haufanywi Machi, mtu akiwa ndiyo kwanza anatoka kwenye baridi yake ya kwanza. Nimefanya kazi wodini miaka 11 katika nchi hii, na tangu hapo kazi yangu ni kukaa mezani na vijana wanaoanza maisha hapa. Wengi wanaonijia Februari na Machi wananiambia ulichoniambia wewe, mpaka hilo la kulia kwenye tramu. Wakija Juni wanauliza habari za leseni ya udereva.

Hali hii ina historia. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, alichapisha matokeo ya mahojiano na watu 200 wa kwao waliokwenda Marekani kwa ufadhili wa masomo. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa sawa. Waliokaa zaidi ya miezi 18 walikuwa sawa. Waliokuwa na hali mbaya ni wale wa katikati. Wewe uko mwezi wa saba. Mwaka mmoja kabla yake, Kalervo Oberg, mwanaanthropolojia aliyewahi kuishi na watu wa Ankole kule Uganda, alitoa mhadhara mjini Rio de Janeiro akieleza kinachomuumiza mgeni: anapoteza zile alama ndogondogo ambazo nyumbani zinamwongoza bila yeye kujua, kama vile lini utoe mkono, useme nini ukikutana na mtu, utajuaje kwamba huyu anatania. Watafiti waliofuata wameonyesha kwamba si kila mtu anapita njia hiyo hiyo, wapo wanaoumia tangu wiki ya kwanza. Lakini wako wengi walioipita kama wewe, na sababu yake naiona kila mwaka. Miezi ya mwanzo ulikuwa mgeni: kuna aliyekupokea uwanja wa ndege, aliyekupeleka kujiandikisha manispaa, aliyekufungulia akaunti benki. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lako umepewa Januari, gizani.

Hilo la giza nataka tukae nalo kidogo, kwa sababu sisi wa ikweta hatulipi uzito wake. Saa yetu ya Kiswahili imejengwa juu ya jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, na Morogoro iwe Januari iwe Julai, haidanganyi sana. Sasa angalia Desemba ya Leipzig: jua linachomoza saa mbili imeshapita na linazama saa kumi jioni. Saa kumi! Umeingia zamu saa kumi na mbili asubuhi kukiwa usiku, umetoka saa nane mchana, umefika chumbani saa tisa, ukajilaza kidogo. Umeamka ni giza. Siku nzima jua umelionea dirishani ukibadilisha shuka za watu. Kichwa kinajua ni majira ya baridi, lakini mwili umezoea kwa miaka 24 kwamba mchana una saa 12, na unakuuliza umekosea wapi.

Norman Rosenthal, daktari aliyehama kutoka Afrika Kusini kwenda Marekani, aliona mwenyewe nguvu zikimwishia kila baridi inapoingia. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakaieleza hali hiyo kitaalamu kama aina ya sonona inayokuja na majira. Kuna tiba yake: taa maalumu yenye mwanga wa lux 10,000, unakaa mbele yake kama nusu saa ukiamka. Mwaka huu umeshachelewa kuinunua, lakini Oktoba uwe nayo tayari. Kwa sasa fanya jambo moja tu: siku ukitoka zamu saa nane, usiende moja kwa moja chumbani. Shuka kituo kimoja au viwili kabla, utembee nusu saa kwenye mwanga, hata kama kumetanda mawingu. Mwanga wa nje siku ya mawingu bado unaushinda wa taa ya chumbani mara nyingi sana. Na nenda kwa daktari wako wa kawaida umwambie uchovu ulio nao, akupime damu, na vitamini D pia. Kuanzia Oktoba hadi Machi jua la Ujerumani liko chini mno kwa ngozi kutengeneza ya kutosha, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Usinunue vidonge vikali mwenyewe kwenye mtandao, vikizidi vinadhuru.

Sasa tuje kwenye saa uliyoikosea. Hukuniandikia ulitajiwa nini, lakini kwa Leipzig nina hakika ilikuwa "viertel" au "dreiviertel". Darasani Dar es Salaam walikufundisha kwamba saa 8:45 ni "Viertel vor neun", robo kabla ya tisa. Wasaksonia, wenyeji wa jimbo la Leipzig, wanasema "dreiviertel neun", robo tatu ya tisa. Mgeni anasikia robo na tisa, anaandika 9:15 au 9:45, anafika kikao kimekwisha. Mantiki yao ni hii: saa ya tisa ni kama ndoo inayojazwa. Ikifika 8:15 imejaa robo, kwa hiyo "viertel neun". Ikifika 8:30 imejaa nusu, "halb neun". Ikifika 8:45 imejaa robo tatu. Hata Wajerumani wa kaskazini na magharibi wakihamia huko wanachelewa vikao. Wewe umekua na saa mbili kichwani, ya Kiswahili na ya kwenye simu, na tangu utotoni unajua kwamba saa tatu asubuhi inaandikwa 9:00. Hii ya tatu utaimudu ndani ya mwezi. Ila mwambie mkufunzi wako kilichotokea, kwa maneno haya haya. Akidhani ulichelewa kwa uzembe atakuwekea alama. Akijua ulikosea lugha atakumbuka kukutajia muda kwa tarakimu.

Na lugha yenyewe. Cheti chako si cha uongo. B2 ni Kijerumani cha kaseti na vitabu, kama mzungu aliyejifunza Kiswahili sanifu darasani halafu ukamshusha Kariakoo saa sita mchana. Msichana mmoja wa Kenya niliyemsaidia alimuuliza bibi wa kule Saksonia kama anataka maji. Bibi akajibu "nu". Yule binti akayaondoa maji. Kwa Wasaksonia "nu" ni ndiyo. Alifanya hivyo siku mbili, bibi anakaa na kiu, mpaka binti wa yule bibi alipokuja kumwona mama yake akashangaa. Siku hiyo yule msichana alilia kama unavyolia wewe. Leo ni muuguzi kamili na anaongea Kisaksonia mpaka mimi namwomba arudie.

Alichofanya ni kununua kijidaftari cha kuingia mfuko wa sare. Kila zamu aliandika maneno matatu tu, jinsi alivyoyasikia, hata kama ameyaandika vibaya, na kabla ya kutoka alimuuliza mtu mmoja maana yake. Mtu yule yule kila siku. Hapo nataka unisikilize: usijaribu kupendwa na wodi nzima. Chagua mmoja. Mara nyingi ni mama wa miaka hamsini na kitu ambaye haongei sana, anayekunja taulo vizuri na kukutazama unavyokunja zako. Hao wasiochekacheka ndio huwa wanafundisha.

Chumba cha mapumziko ni mtihani wake. Kila mtu na kiboksi chake cha mkate, kila mtu na kikombe chake, na ole wako uchukue kikombe cha mwenzako ukidhani ni cha wote. Sisi tumezoea kwamba anayekula humwambia aliye karibu "karibu", hata kama chakula hakitoshi. Pale mtu anakula mbele yako kimya, nawe unaona kama umetengwa. Hujatengwa. Ni desturi tu, na wao wenyewe kwa wenyewe wanafanya hivyo. Lakini hata wao wana mlango wao wa ukarimu, nao ni keki. Anayetimiza mwaka, anayeanza kazi, anayehama wodi, analeta keki. Siku moja peleka maandazi ya iliki, yaweke katikati ya meza asubuhi, na karatasi yenye jina lako na jina la maandazi. Usisimame kuwalisha. Watakuja kukuuliza yametengenezwaje, na hilo ni swali ambalo Kijerumani chake unaweza kukiandaa tangu usiku.

Wakicheka usichoelewa, acha kujichekesha. Najua kwa nini unafanya hivyo, na mimi nilifanya hivyo miaka miwili. Lakini ukicheka wanaamini umeelewa, basi hawaelezi, nawe unazidi kuachwa. Sema tu: "Das habe ich nicht verstanden", yaani hilo sikulielewa. Mara tano za kwanza utaona aibu.

Na kwa kuwa uko Leipzig, kuna bahati ambayo wengine hawana. Chuo Kikuu cha Leipzig kinafundisha Kiswahili katika taasisi yake ya masomo ya Afrika. Maana yake ni kwamba mjini humo kuna vijana wa Kijerumani wanaohangaika na ngeli ya KI-VI wiki hii, wanatafuta mtu wa kuongea naye. Bandika tangazo: saa moja ya Kiswahili kwa saa moja ya Kijerumani. Tena, wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na shirika lao la Leipziger Missionswerk lina uhusiano na Kanisa la Kilutheri la Tanzania hadi leo. Kwa hiyo katika mji huo wapo watu wazima waliowahi kuishi Machame au Moshi, wanaojua ndizi za nyama, watakaokuamkia kwa Kiswahili. Si lazima uwe Mlutheri kuwatafuta.

Nije kwenye lililoniuma zaidi katika barua yako, la yule mgonjwa.

Lilinitokea mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nimeshika beseni la maji ya uvuguvugu, na kitambaa nimekwisha kukikamua, mzee akavuta mkono wake akasema hataki mikono ile imguse. Niliyekuwa naye akanitoa nje akaniambia mzee ni mgonjwa, nisijali. Nikarudisha beseni, nikamwaga maji, na nakumbuka nilisimama pale kwenye sinki nikiangalia mikono yangu. Kilichonidhuru baadaye ni lile "usijali", kwa sababu lilinifanya nione kwamba kujali ndilo kosa langu.

Basi mimi sikwambii usijali. Nakwambia andika. Leo hii, kabla hujalala: tarehe, saa, chumba, maneno aliyoyasema kwa Kijerumani kama unavyoyakumbuka, nani alikuwepo, nani alisema nini. Halafu omba kuonana na mkuu wa wodi, si kwa kulalamika ukilia, bali na karatasi mkononi, na umuulize swali moja: "Likitokea tena, tunafanyaje?" Wodi inayojiheshimu ina jibu: nesi mwenyeji anabaki na mgonjwa na kumwambia waziwazi kwamba huyu ni mwanafunzi wetu na hapa hatuzungumzi hivyo. Sheria ya Ujerumani dhidi ya ubaguzi, iliyoanza mwaka 2006, inawahusu hata wanafunzi wa kazi, na inamtaka mwajiri akulinde hata pale anayekubagua ni mtu wa nje, si mfanyakazi wake. Ukinyamaziwa, wafuate wawakilishi wa wanafunzi kazini au baraza la wafanyakazi. Usikae muda mrefu, maana madai ya fidia chini ya sheria hiyo yana ukomo mfupi, kwa kawaida miezi 2.

Huenda ukaogopa kwamba ukisema watakufukuza. Hapa ndipo nataka ulale usingizi. Katika mafunzo ya uuguzi kipindi cha majaribio ni miezi 6. Mkataba wako ulianza tarehe 1 Septemba, kwa hiyo kilikwisha mwishoni mwa Februari. Tangu tarehe 1 Machi mwajiri hawezi kukuondoa hivihivi. Lazima awe na sababu nzito, na kusema umebaguliwa si mojawapo. Wewe, kwa upande wako, unaweza kuacha kwa kutoa taarifa ya wiki 4. Angalia mizani ilivyokaa: mlango wa kutoka uko wazi upande wako, na upande wao umefungwa. Hakuna haraka.

Na kuna haki nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaidai. Angalau asilimia 10 ya muda wako wa vitendo lazima utumike na mkufunzi wa vitendo, Praxisanleiter, akikuelekeza kwa mpango. Si kusukuma kitanda huku mtu anapiga kelele kutoka mlangoni. Ni kukaa naye, akikuonyesha, ukifanya, akikusahihisha. Una saa 2,500 za vitendo katika miaka mitatu, piga hesabu mwenyewe. Kama tangu Januari hujaipata, huenda sehemu ya huko kutoelewa kwako si lugha hata kidogo. Ni kwamba hujafundishwa.

Fedha. Nitaongea nawe kama dada wa tumbo moja. Mshahara wako wa mwaka wa kwanza najua uko kwenye euro 1,400 hivi kabla ya makato, na mkononi unabaki na 1,100 hivi ukibahatika. Nyumbani wanasikia 1,100, wanazidisha kwa shilingi, wanapata zaidi ya milioni tatu, na kwa hesabu ya Morogoro hiyo ni hela ya mkubwa. Hawakudanganyi, wanazidisha sawasawa. Hawajui kutoa. Chumba euro 380, tiketi ya usafiri ya nchi nzima iliyoanza kwa 49 mwaka 2023 sasa ni 63, chakula 220 ukijipikia, simu na intaneti. Umeshakaribia 700 na hujanunua kiatu cha baridi. (Hapo hapo: ile ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 kwa mwezi inalipwa mara moja kwa nyumba, si kwa kila mtu. Kama mnakaa watatu na kila mmoja analipa, mnaibiwa na ujinga wenu; jisajilini namba moja mgawane.)

Kwa hiyo usiwaambie "sina". Neno hilo halina ukubwa, kila mtu analijaza anavyotaka. Piga picha karatasi ya mshahara, picha ya mkataba wa chumba, picha ya risiti ya dukani, uzitume kwa mama na kwa mjomba yule ambaye neno lake linasikilizwa. Kisha taja kiasi kimoja na tarehe moja. Euro 100, tarehe 3 ya kila mwezi, kwa ajili ya ada ya mdogo wako. Ada, si bati. Bati za bibi ni jambo la heri, lakini bati haziendi shule mwaka huu, na bibi ana watoto wengine. Ukishataja, usipunguze na usiongeze hata wakikupigia usiku. Miezi mitatu ya kwanza watanung'unika. Wa nne wataanza kupanga kwa kiasi hicho, kwa sababu kitu kidogo kinachofika kila mwezi kinapangika kuliko kikubwa kinachokuja kwa machozi.

Na euro 100 nyingine weka kando usiiguse, mpaka itimie bei ya tiketi ya kwenda na kurudi. Sisi tulio mbali tunajua simu ya usiku wa manane ni nini. Nimewaona watu wakishindwa kumzika mzazi kwa kukosa nauli, na hilo halimtoki mtu. Isitoshe, ukiwa na tiketi ya kurudi ndani ya akaunti, hutaangalia bei za ndege ukiwa kwenye tramu.

Jumapili zako hujazitaja, lakini nazijua. Maduka yamefungwa, ni jambo la katiba kwao, limo tangu ile ya Weimar ya 1919 na katiba ya sasa imelibeba. Barabara kimya, mashine ya kufulia usiwashe, simu ya nyumbani imekwisha saa tano asubuhi. Kaa mwenyewe chumbani Jumapili nne mfululizo, hata simba atalia. Wajerumani urafiki wao hauanzii mtaani kama kwetu, unaanzia kwenye vyama: mpira, baiskeli, bustani, kwaya. Mimi nakushauri kwaya. Mji wako ni ule ambao Bach, mtunzi mkubwa wa muziki, alifanya kazi ya muziki wa kanisa tangu 1723 hadi kufa kwake 1750. Kwaya zimejaa, za kanisa na zisizo za kanisa, na nyingi zinakuruhusu kuja kujaribu bila kulipa. Kwenye kwaya unakaa na mtu yule yule kulia na kushoto kila wiki, unatamka Kijerumani polepole kwa noti, na hakuna anayekutaka uchangie mazungumzo. Kama kuimba si kwako, tafuta kingine, mradi kiwe na siku na saa yake kila wiki.

Sasa, kuna hali ambazo sitakwambia usubiri Juni. Kama hulali usiku hata ukiwa umechoka, kama chakula hakipiti wiki nzima, kama umeanza kufikiri kwamba ingekuwa heri usiwepo, hiyo si baridi ya kuzoea. Nenda kwa daktari kesho yake. Usiku ukizidi, piga 0800 111 0 111. Ni bure, kuna mtu saa zote 24, na huhitaji kutaja jina. Kijerumani kibovu kinatosha. Na kama tatizo ni hospitali yenyewe, kwamba umeongea, umeandika, na hakuna linalobadilika, basi kubadili mwajiri si kushindwa. Mafunzo yako yakivunjika kwa sababu isiyo kosa lako, kibali chako cha ukaazi hakifi siku hiyo. Sheria inakupa hadi miezi 6 kutafuta nafasi nyingine. Ila usisaini barua yoyote ya kuacha kabla hujakaa na mshauri. Kwa umri wako ofisi yako ni Jugendmigrationsdienst, wanahudumia wahamiaji hadi miaka 27, bila malipo. Nenda na mkataba wako na lile karatasi la yule mgonjwa.

Na ukifika Juni, umelala, umekula, umeongea na watu, bado moyo unasema nyumbani? Rudi, mdogo wangu, na usimwombe mtu radhi. Nitakusaidia mimi mwenyewe kupanga vyeti vyako ili miezi uliyosoma isipotee.

La mwisho ni mama. Unamficha ili asiumie, lakini mama anayetumiwa picha kila siku halafu picha zikakoma Januari ameshajua. Anachokosa ni habari tu, kwa hiyo anabuni mbaya kuliko zilizopo. Usimwambie yote kwa mkupuo. Mwambie moja lililo kweli, dogo: mama, huku saa tisa unajilaza kidogo ukiamka ni usiku, nilikuwa nalia. Mwache aseme pole. Hiyo pole umeikosa miezi mitatu.

Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wanasogeza saa mbele. Tofauti yenu itakuwa saa moja badala ya mbili. Mpigie jioni hiyo, kwa video, saa moja na robo ya kwako. Huko kwake itakuwa saa mbili imeshapita, giza limeingia zamani na taa zimewashwa. Wewe geuza simu dirishani umwonyeshe kwamba kwako bado kuna mwanga.